Kazi za kikundi hazisongi? Tafuta ugonjwa kabla ya kuchagua programu

Nimekuwa katibu wa vikundi vidogo kwa miaka kadhaa, na katika kila kimoja ilifika siku mtu akasema, "Jamani, tutafute programu ya kupangia kazi." Anayesema hivyo mara nyingi ndiye aliyechoka kuliko wote, na ana haki ya kuchoka. Lakini ombi lake huwa limetaja dawa kabla ya ugonjwa kujulikana. Wiki inayofuata kikundi kizima kinalinganisha Trello, Asana na Notion, rangi kwa rangi, bei kwa bei, na hakuna aliyeuliza kazi zinakwama wapi hasa.

Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili. Tafuta inayofanana na hali yenu, soma chanzo chake, ndipo uiangalie programu. Ukikuta dalili tatu kwa pamoja, shughulikia kwanza ile iliyoanza mapema zaidi, maana mara nyingi ndiyo iliyozaa nyingine.

Kuna jambo moja ninaloomba ulishike tangu sasa. Ofisini mtu hufungua programu kwa sababu analipwa. Kwenye klabu watu wamekuja kwa mapenzi yao, wakiwa na kazi nyingine, watoto na uchovu. Ndiyo maana mimi hupima kila programu kwa mtu mmoja tu: mwanachama mwenye muda mdogo kuliko wote na simu ya kawaida kuliko zote. Huyo nitamwita mtu wa kipimo, na tutarudi kwake mara kwa mara.

Dalili: kazi zinazama kwenye kundi la WhatsApp

Mwenyekiti anaandika usiku, "Nani atafuatilia ukumbi?" Watu wanne wanaweka dole gumba. Baadaye zinaingia pongezi za siku ya kuzaliwa, picha, taarifa ya mgonjwa, na mjadala mrefu usiohusiana. Siku tatu zikipita, swali la ukumbi liko jumbe mia moja nyuma, na lile dole gumba hakuna anayejua kama lilimaanisha "nitafanya" au "nimeona".

Chanzo ni kwamba mazungumzo hutiririka, ilhali kazi inahitaji kutulia mahali pamoja hadi iishe. WhatsApp imetengenezwa kwa mazungumzo. Kundi lake hubeba hadi watu 1,024, lakini halina mahali pa kusema kazi hii imekwisha na ile bado. Kubandika ujumbe juu ya kundi kunasaidia kidogo: unachagua saa 24, siku 7 au siku 30, muda ukiisha ujumbe unabanduka, kazi iwe imefanyika au la.

Kosa ninaloliona sana katika kutibu dalili hii ni kujaribu kuhamisha kila kitu, mazungumzo pamoja na kazi, kwenda kwenye programu mpya. Watu hawahami. Wamezoea kundi, na kundi ndipo ulipo undugu wao. Yaacheni mazungumzo yabaki yalipo, mhamishe kazi peke yake.

Kama mko chini ya watu kumi na kazi zilizo wazi hazizidi ishirini, sioni haja ya programu maalumu. Lahajedwali moja ya Google Sheets yenye safu nne inatosha: kazi, nani, lini, imefikia wapi. Ukiiruhusu ihaririwe na yeyote mwenye kiungo, mwanachama hahitaji hata kufungua akaunti. (Kwa sababu hiyohiyo, msiandike humo namba za simu za watu wala mambo ya fedha.) Kiungo kiwekwe kwenye maelezo ya kundi, si ndani ya mazungumzo, ili kisizame pamoja na mengine.

Kisha mkubaliane juu ya sheria moja: kazi ambayo haijaandikwa pale haijapewa mtu. Aliyeona ombi kundini, hata kama si katibu, analinakili kwenye lahajedwali na kurudisha kiungo. Mwezi wa kwanza utakuwa unalirudia jambo hili hadi uchoke. Mwezi wa pili wengine watakuwa wanalisema kwa niaba yako.

Utajua lahajedwali imezidiwa pale watu watakapoanza kuuliza, "Zangu ni zipi?" Swali hilo ndilo linalojibiwa vizuri na programu za kazi, kwa kuwa kila mtu hufungua na kukuta zake peke yake.

Dalili: kila mmoja alidhani mwenzake anafanya

Hii ndiyo dalili inayoumiza zaidi, kwa sababu hakuna mvivu wa kulaumiwa. Siku ya shughuli inafika, mabango hayajachapishwa, na wanakamati watano wanatazamana kwa mshangao wa kweli.

Jambo hili limepimwa zamani. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio ya watu kuvuta kamba: kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua kuliko alipovuta peke yake. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake nchini Marekani waliwapima watu wakipiga makofi na kupaza sauti. Mtu aliyeamini kwamba anapiga makofi pamoja na wengine alitoa sauti ndogo kuliko alipokuwa peke yake, hata pale ambapo kwa kweli hakukuwa na mwingine anayepiga. Hawakuwa wakikwepa kwa makusudi. Jukumu likigawanywa kwa wengi, kila mmoja analihisi kwa uzito mdogo.

Sasa chukua muhtasari wa kikao chenu cha mwisho uusome kwa jicho hilo. "Ilikubaliwa kwamba mabango yachapishwe." "Ilisisitizwa kuwa wageni waalikwe mapema." Sentensi hizi ni nzuri, zina heshima, na zote ziko katika kauli ya kutendwa. Ile *-w-* ndogo katikati ya kitenzi imemficha mtendaji. Ni mazoea yetu ya kuandika mihtasari, na hayana ubaya kwa maazimio, ila kwa kazi yanaua. Andika hivi: "Mweka hazina atachapisha mabango kabla ya Ijumaa tarehe 14." Mtu mmoja, kitenzi kimoja, siku moja. Nimeona vikundi vilivyopona kwa badiliko hili peke yake, bila programu yoyote.

Hapa ndipo uchaguzi wa programu unapoingia. Asana na Todoist huruhusu kazi moja iwe na mtu mmoja tu wa kuwajibika. Trello, ambayo huonyesha kila kazi kama kadi kwenye ubao, huruhusu kuweka wanachama wengi kwenye kadi moja. Kwa kikundi kinachougua dalili hii, ukali wa Asana na Todoist ni msaada. Kama tayari mnatumia Trello na mnaipenda, si lazima mhame: wekeni utaratibu kwamba kadi inakuwa na mtu mmoja, na wasaidizi wanatajwa kwenye maelezo ya kadi.

Angalieni pia ukubwa wa kazi. "Kuandaa tamasha" si kazi, ni furushi la kazi. Mtu akikabidhiwa furushi hujui lini aulizwe, naye hajui aanzie wapi. Lifungueni mpaka kila kipande kiwe kitu ambacho mtu anaweza kukimaliza kwa kukaa chini mara moja: kupiga simu ya ukumbi, kuandika barua ya mwaliko, kuhesabu viti.

Dalili: nguvu ya soda

Wiki ya kwanza kila mtu yumo, kadi zinahama, watu wanapongezana. Wiki ya tatu anayeingia ni yule aliyeipendekeza, peke yake, akisogeza kadi za wenzake kwa matumaini.

Usikimbilie kuhitimisha kwamba watu hawako makini. Waulize walionyamaza, mmoja mmoja na faraghani: "Mara ya mwisho ulipoifungua, ulikwama wapi?" Kila jibu lina chanzo chake na tiba yake.

Akijibu kwamba alisahau nywila, au hakuwahi kuifungua akaunti, shida iko mlangoni. Chagueni programu inayokubali kuingia kwa akaunti ambayo watu tayari wanayo kwenye simu zao, kisha tengeni dakika kumi za kikao kijacho kila mtu aingie akiwa pale pale. Kutuma maelekezo kundini hakutoshi. Ninasema hivi baada ya kuandika maelekezo mengi mazuri ambayo hayakumsaidia mtu.

Akisema hakujua abonyeze wapi, programu ni nzito kuliko kikundi. Notion na ClickUp zinaweza kugeuzwa kuwa karibu chochote, na hiyo ndiyo nguvu yake mahali ambapo kuna mtu wa kuzijenga na kuzitunza. Mimi naipenda Notion kwa kuhifadhia kumbukumbu za vikao. Kwa kazi za klabu ya watu wanane siichagui, kwa sababu kabla ya kuandika kazi ya kwanza lazima uamue mambo mengi ambayo klabu haina haja nayo.

Chanzo kingine hujificha: aliyeichagua programu alitumia kompyuta, wengine wote wanatumia simu. Ule ubao wenye safu za kadi unatokana na *kanban*, njia ya viwanda vya Toyota nchini Japani inayohusishwa na Taiichi Ohno, ambapo kadi ilisafiri pamoja na vipuri kuonyesha nini kinahitajika. Nguvu ya ubao ni kwamba kila apitaye huona hali yote kwa mtazamo mmoja. Kwenye kioo cha simu ubao huo unakatwa vipande, unaona safu moja au mbili tu, na faida yake kubwa inapotea. Kama wengi wenu ni watu wa simu, chagueni programu inayoonyesha orodha, kama Todoist au Microsoft To Do. Na mkibaki na ubao, safu tatu zinatosha: bado, inaendelea, imekwisha.

Jibu linalonitia wasiwasi kuliko yote ni hili: "Nilifungua nikakuta mambo ya zamani." Hapo orodha imeshaanza kudanganya. Mtu akikuta mara mbili kazi iliyokwisha bado imeandikwa haijakwisha, haamini tena chochote kilichomo, na asipoamini haandiki, na asipoandika orodha inazidi kudanganya. Hakuna kitufe kinachotibu hili.

Tiba niliyoiona ikifanya kazi ni kuiingiza programu kwenye ajenda. Kila kikao chetu kina kipengele cha yatokanayo na kikao kilichopita, na kwa kawaida katibu anasoma muhtasari huku watu wakijitahidi kukumbuka nani aliahidi nini. Futeni usomaji huo. Fungueni orodha yenyewe mbele ya wote, mpitie kazi zilizo wazi moja baada ya nyingine, na mwenye kazi aseme neno moja kati ya matatu: imekwisha, inaendelea, imekwama. Zilizokwama ndizo zinazojadiliwa. Katibu anarekebisha hapo hapo, wote wakiona. Kikundi kinachofanya hivi hakihitaji kuwakumbusha watu waifungue programu, kwa kuwa kila mtu anajua jina lake litasomwa. Na kazi ikipitia vikao vitatu ikiwa "inaendelea", ivunjeni vipande, au abadilishwe mtu, au ifutwe.

Dalili: arifa hazifiki, au zinafika kupita kiasi

Zisipofika, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu. Je, kazi imeandikwa jina la mtu huyo, au ametajwa tu ndani ya maelezo? Programu nyingi humtumia arifa mwenye kazi au aliyetajwa kwa alama ya @; jina lililoandikwa kama neno la kawaida halimfikii mtu. Je, barua pepe zimeingia kwenye taka? Na je, simu yake imeizuia programu kufanya kazi chinichini ili kutunza betri? Simu nyingi za Android hufanya hivyo. Nenda kwenye mipangilio ya betri ya programu hiyo uondoe kizuizi.

Zikizidi, mtu atazima zote kwa hasira, pamoja na zile za maana. Saidianeni kuzipunguza siku ya kwanza: zibaki za kupewa kazi na za tarehe ya mwisho kukaribia, basi.

Dalili: mpango wa bure umefika ukingoni

Mmeshazoea, mambo yanakwenda, kisha mwanachama wa kumi na moja anakataliwa mlangoni. Trello iliweka kikomo cha washirika 10 kwa kila eneo la kazi la bure (workspace, yaani nafasi ya kikundi ndani ya programu) mwaka 2024. Asana nayo iliwahi kuteremsha kikomo chake cha bure kutoka watu 15 hadi 10. Kampuni zina haki ya kubadilisha mipango yake, kwa hiyo soma kikomo cha leo kwenye ukurasa wao wa bei kabla ya kupiga kura, uhesabu na wale watakaojiunga mwaka ujao.

Kabla ya kulipa, jiulizeni kama kila mwanachama anahitaji kuwemo. Kwenye klabu ya watu thelathini, wenye kazi huenda ni saba, na hao ndio waingizwe. Mkiamua kulipa, zidisheni bei kwa idadi ya watu kisha kwa miezi 12, na mwangalie kama bei inayoonyeshwa kwa mwezi ni ya wanaolipa mwaka mzima kwa mkupuo; mara nyingi ndivyo ilivyo. Kampuni kadhaa, zikiwemo Atlassian wenye Trello na Asana, hutoa punguzo kwa mashirika yasiyo ya faida, ila huhitaji uthibitisho kwamba mmesajiliwa.

Ipo njia ya programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzichukua na kuziendesha mwenyewe, kama Kanboard, Vikunja au Deck ya Nextcloud, ambazo unaweza kuziweka kwenye seva yenu (kompyuta inayowahudumia wote kupitia mtandao) bila kuhesabiwa vichwa. Naziheshimu sana. Lakini seva inataka mtu wa kuisasisha na kutunza nakala za akiba, na kama mtu huyo ni mmoja tu, mmejitayarishia dalili inayofuata.

Dalili: mwenye funguo ameondoka

Katika kikundi kimoja nilichokitumikia, aliyenitangulia alikuwa ameifungua akaunti kwa barua pepe ya kazini kwake. Alipobadilisha ajira, anwani ile ikafungwa. Hakuwa na ubaya wowote, na alisikitika kuliko sisi. Lakini orodha za miaka miwili, pamoja na majina ya watoa huduma wote tuliokuwa tumewapata kwa shida, hatukuziona tena. Tulianza upya kwa kukumbuka.

Tangu siku hiyo siichagui programu kabla ya kufungua barua pepe ya kikundi chenyewe, isiyo ya mtu. Wasimamizi wawe wawili siku zote, si mmoja. Nywila ikae kwenye programu ya kutunzia nywila. Bitwarden, kwa mfano, huruhusu watu wawili kushirikiana bure. Na siku ya makabidhiano, baada ya uchaguzi, uongozi unaotoka ukikabidhi mhuri na vitabu vya hesabu, ukabidhi na akaunti hii mbele ya mashahidi, nywila ibadilishwe siku hiyo hiyo. Aliyeondoka kwenye kikundi aondolewe na kwenye programu, kwa amani na bila kuchelewa.

Dalili: programu inafungwa, au mnataka kuhama na hamjui mtatokaje

Wunderlist, iliyotengenezwa Berlin, ilikuwa mojawapo ya orodha zilizopendwa sana na familia na vikundi. Microsoft iliinunua mwaka 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa, watumiaji wakielekezwa Microsoft To Do. Waliokuwa na nakala walihama bila kelele.

Kwa hiyo jaribuni mlango wa kutokea siku ileile mnayoingia. Wekeni kazi tano za mfano, mtafute sehemu ya kupakua data, kisha mfungue faili lililotoka. Trello ya bure hutoa faili la JSON, ambalo kompyuta hulisoma vizuri lakini mweka hazina wenu hatalielewa. CSV, inayofunguka kama lahajedwali, iko kwenye mipango ya kulipia. Google Sheets hupakuliwa kama Excel wakati wowote.

Mkihama, msibebe kila kitu. Hamisheni kazi zilizo wazi tu, za zamani mzihifadhi kwenye faili moja. Vikundi vingi hukwama kwa kujaribu kupanga upya historia ambayo hakuna atakayeisoma.

Dalili: mmebishana mwezi mzima na hamjachagua

Hapa watu wanabishana juu ya programu ambazo wengi wao hawajazigusa. Punguzeni wagombea wabaki wawili. Chukueni shughuli moja ya kweli iliyo karibu, muipange kwa wiki mbili, nusu ya kazi kwenye programu hii na nusu kwenye ile, na mtangaze tangu mwanzo tarehe ya kuamua.

Kisha mketi na yule mtu wa kipimo. Mpe simu yake mwenyewe, bila kumwelekeza, umwombe mambo matatu: aione kazi yake, aiweke alama kwamba imekwisha, aone inayofuata ni ya lini. Kila moja mpe dakika mbili. Ukae kimya, hata akipotea. Unajifunza zaidi kwa kutazama kidole chake kinaelekea wapi kuliko kwa kumsikiliza akikupa moyo. Programu anayoshindwa nayo iondoke, hata kama ndiyo uliyokuwa unaipenda. Na akizimudu zote mbili, subiri siku nne, kisha uangalie ni ipi aliyoifungua tena bila kukumbushwa. Muichukue hiyo.